Picha ya Bikira wa Roma na Nakala Zake

Katika kanisa kuu la Santa Maria Maggiore mjini Roma iko picha ya kale ya Bikira Maria iliyochorwa juu ya ubao. Urefu wake wapata sentimita 117, na upana wake sentimita 79. Mapokeo ya Wakristo yasema kwamba mchoraji wake ni Mtakatifu Luka Mwinjili. Wataalamu wa sanaa hawakubali hivyo, na hata juu ya karne iliyochorwa hawajapatana. Tangu mwaka 1613 imewekwa katika kikanisa kilichojengwa kwa amri ya Papa Paulo wa Tano, na tangu karne ya kumi na tisa imezoeleka kuitwa Salus Populi Romani, yaani Wokovu wa Watu wa Roma.

Wengi wamekwisha kuandika habari za picha hiyo. Makala haya yakusudia kutazama nakala zake: zile picha zilizochorwa kwa kuifuata, zikatolewa zawadi kwa mapadri na watawa, na katika karne ya kumi na sita na ya kumi na saba zikavuka bahari kwenda nchi ambazo mchoraji wa kwanza hakuzijua hata kwa jina. Twapenda kuamini kwamba nakala ni kivuli cha asili, na kwamba kadiri inavyotofautiana na asili ndivyo thamani yake inavyopungua. Historia ya zawadi hizi yatufundisha kinyume. Mahali ilipotunzwa nakala kama ilivyotoka Roma, pasiwepo mtu wa kuichora tena, mara nyingi ilibaki kitu cha ajabu tu. Mahali walipopatikana wenyeji waliothubutu kuichora kwa mikono yao na kwa macho yao, iliishi hata baada ya wale walioileta kufukuzwa.

Kabla ya kufuata safari ya nakala hizo, yafaa msomaji aijue sura ya asili, ili aweze kuitambua akiikuta ugenini. Bikira aonekana nusu ya mwili, amejitanda vazi la buluu iliyokoza lifunikalo kichwa na mabega. Amempakata Mtoto katika mkono wa kushoto. Mtoto amevaa nguo ya rangi ya dhahabu, ameshika kitabu kwa mkono mmoja, na mwingine ameuinua kubariki. Mtoto amemgeukia mama. Walakini mama hamtazami Mtoto, bali amtazama yule asimamaye mbele ya picha. Mikono ya mama imepishana, wa kuume juu ya wa kushoto, na katika vidole vyake ameshika kitambaa kidogo cha mkononi. Mikono iliyopishana, kitambaa, na kitabu cha Mtoto: hizo ndizo alama tatu ambazo wasomi huzifuata kama mwindaji afuatavyo nyayo.

Karne ya kumi na sita ilikuwa karne ya ugomvi mkubwa juu ya picha. Mwaka 1566, katika nchi za Uholanzi, makundi ya watu waliingia makanisani wakavunja sanamu na kupasua picha, kwa kuwa waliamini kwamba kuziheshimu ni kuabudu miungu ya uongo. Miaka mitatu kabla ya hapo, katika Desemba 1563, Mtaguso wa Trento ulikuwa umeamua kwamba heshima ipewayo picha haikomei katika mbao na rangi, bali humwendea yule aliyechorwa. Neno hilo halikuwa jipya, kwani Mtaguso wa Pili wa Nikea ulikwisha kulisema mwaka 787. Lakini lina tokeo moja lipasalo kuangaliwa. Ikiwa heshima haikomei katika ubao, basi ubao wa pili waweza kuifikisha sawasawa na ubao wa kwanza. Picha isiyoweza kuondoka Roma yaweza kutolewa zawadi, pasipo Roma kupungukiwa na kitu.

Aliyelitumia neno hilo kwa kadiri ambayo haikuwa imeonekana kabla yake ni Francis Borgia. Alizaliwa Hispania mwaka 1510 katika ukoo wa watawala wa Gandía, akaurithi utawala huo, akawa mtu wa mali na cheo. Mkewe alifariki mwaka 1546, na baada ya hapo akauacha utukufu wake wote akaingia Shirika la Yesu. Mwaka 1565 akachaguliwa kuwa Mkuu wa tatu wa shirika hilo. Mwaka 1569 aliomba ruhusa ya kuinakili picha ya Santa Maria Maggiore. Kardinali Carlo Borromeo, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa mapadri wa kanisa hilo, alimsaidia kwa Papa Pius wa Tano, na ruhusa ikapatikana. Nakala ya kwanza ilipokamilika, Borgia aliagiza zichorwe nyingine kwa kuifuata, zipelekwe katika nyumba za Wajesuiti za mbali na za karibu.

Hapa yafaa tujiulize: kwa nini picha? Mtawa ameweka nadhiri ya ufukara. Hawezi kupokea dhahabu akaiita yake, wala kofia ya cheo, wala shamba. Mtu atakaye kumpa zawadi hana budi kutafuta kitu kisichomtajirisha. Picha takatifu yafaa kwa jambo hilo kuliko vitu vingi: hutundikwa katika kikanisa cha nyumba, ikawa ya wote wakaao humo, mmoja akihamishwa au akifa, yabaki kwa ndugu zake. Tena haitumiki ikaisha kama chakula, wala haichakai upesi kama nguo. Wahenga wetu wamesema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Borgia, aliyekuwa na mali akaiacha, alijua pande zote mbili za methali hiyo, ijapokuwa hakuwahi kuisikia.

Nayo kazi ya kunakili si jambo dogo. Ubao hukatwa ukakaushwa vema ili usijikunje, ukapakwa gundi na unga mweupe wa chokaa tabaka juu ya tabaka, ukasuguliwa hata uwe laini. Wachoraji wa zama zile walizoea kuchukua karatasi yenye mistari ya picha, wakaitoboa kwa sindano kufuata mistari hiyo, kisha wakaigongagonga kwa kifuko cha vumbi la makaa, ili vitone vipenye na kuacha alama juu ya ubao mpya. Kwa njia hiyo umbo la asili liliweza kuhamishwa pasipo kupotoka sana. Lakini vitone vya makaa havina uso. Macho, midomo, kivuli cha shavu na wepesi wa vidole, hivyo vyote vilibaki katika mkono wa mchoraji. Na wachoraji wengi wa nakala hizo hawakuandika majina yao juu ya kazi zao.

Baadhi ya nakala zilipata habari zake katika Ulaya yenyewe. Moja ilifika katika chuo cha Wajesuiti cha Ingolstadt, nchini Ujerumani, na mbele yake Padri Jakob Rem aliwakusanya wanafunzi wake kwa sala. Kutokana na mapokeo ya mwaka 1604 picha hiyo yaitwa hata leo Mama wa Kustaajabiwa Mara Tatu. Nyingine haikufika ilikokusudiwa. Padri Ignacio de Azevedo aliondoka Roma kuongoza kundi kubwa la wamisionari kwenda Brazili, naye alichukua picha ya Bikira wa Santa Maria Maggiore. Mwaka 1570, karibu na Visiwa vya Kanari, meli yao ilishikwa na maharamia wa Kiprotestanti chini ya Jacques Sourie, na Azevedo akauawa pamoja na wenzake 39. Mapokeo ya shirika lake yasimulia kwamba alikufa ameikumbatia picha ile. Tangu hapo wamisionari wa Kijesuiti walioingia melini na picha zao walijua kwamba zaweza kuwa vitu vya mwisho kushikwa na mikono yao.

Njia ya mashariki ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapita Msumbiji, ikavuka hadi Goa. Kutoka Goa, mwaka 1580, Wajesuiti watatu walifika katika mji wa Fatehpur Sikri kwa mwaliko wa Akbar, mfalme Mwislamu wa Wamogoli: Rodolfo Acquaviva, Francisco Henriques na Antonio Monserrate. Miongoni mwa vitu walivyochukua ilikuwamo nakala ya picha ya Roma. Barua zao zasimulia kwamba Akbar aliingia katika kanisa lao dogo, akaiheshimu picha ya Bikira, akawaleta wachoraji wake waje kuitazama. Wachoraji hao, waliokuwa mabingwa, waliiga picha nyingi za Kizungu, wakazitia katika vitabu vya mfalme. Hata hivyo walizipenda kama mtu apendavyo lugha ya mgeni mwenye ufasaha: wajifunza maneno yake, wafurahia sauti yake, kisha warudi kusema yao. Mfalme hakubatizwa, na mapadri wale wakaondoka.

Huko Uchina mambo yalikuwa magumu zaidi. Matteo Ricci alipofika Beijing katika Januari 1601 alimpelekea mfalme Wanli zawadi nyingi, zikiwamo saa za kugonga na picha za Kristo na za Bikira, na mojawapo ya picha hizo ilifuata ile ya Santa Maria Maggiore. Ricci mwenyewe aandika alivyosimuliwa, kwamba mfalme alishtuka kuona nyuso zilizofanana mno na watu walio hai, akaziondoa mbele yake, na mwisho zikawekwa katika hazina. Saa zilipendwa, na mapadri wakaitwa kuja kuzitengeneza, picha zikafungiwa. Lakini nje ya kasri kazi nyingine ilikuwa ikiendelea. Katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago iko picha ya kukunja ambayo msomi Berthold Laufer aliipata katika mji wa Xi'an mwaka 1910. Ndani yake Bikira amevaa nguo nyeupe kama Guanyin, yule ambaye Wabudha wa Uchina humheshimu kwa huruma yake, na Mtoto amenyolewa akaachiwa kishungi kama watoto wa Kichina, ameshika kitabu cha Kichina. Wasomi wabishana juu ya umri wa picha hiyo. Juu ya nasaba yake hakuna mashaka makubwa: ni Bikira wa Roma, amejifunza adabu za nchi alikofikia.

Mmoja wa wachoraji waliowahudumia mapadri wa Uchina, Jacopo Niva, alizaliwa Japani kwa baba Mchina na mama Mjapani, naye alifunzwa katika shule ambayo haikuwa na mfano wake Asia. Habari ya shule hiyo yaanza mwaka 1549, wakati Francis Xavier alipofika Kagoshima na picha ya Bikira. Mtawala wa nchi alipiga magoti mbele yake, na mama yake mtawala akaomba achorewe kama ile. Xavier aandika katika barua yake kwamba jambo hilo halikuwezekana, kwa sababu vifaa vya kazi havikupatikana. Tuliangalie ombi hilo. Mama yule hakuomba apewe picha ya mgeni. Aliomba nyingine ichorwe. Ilipita miaka 34 kabla ya jibu. Mwaka 1583 Giovanni Nicolao, Mjesuiti wa Italia, alifika Nagasaki, akaanza kuwafundisha vijana wa Kijapani kuchora kwa rangi za mafuta juu ya ubao, nguo na bamba la shaba. Picha za wanafunzi hao zilikwenda katika makanisa ya Japani, nyingine zikapelekwa kwa ndugu wa Uchina. Hivyo watu waliokuwa wapokeaji wa zawadi wakawa watoaji.

Mwaka 1614 serikali ya ukoo wa Tokugawa iliamuru wamisionari watoke. Nicolao akahamia Macau, ambako alifariki mwaka 1626, na shule ikahama naye. Wakristo waliobaki walitafutwa nyumba kwa nyumba. Maofisa wa Nagasaki walibuni njia ya kuwajaribu: waliweka picha takatifu chini, wakawaamuru watu waikanyage, akataaye amejulisha imani yake. Hivyo picha iliyochorwa kuwa zawadi ikageuzwa kuwa mtego. Walakini wako walioficha zao. Katika Nagasaki yatunzwa picha ya karatasi iitwayo Yuki no Santa Maria, yaani Santa Maria wa Theluji, iliyofichwa na Wakristo wa siri wa Sotome vizazi kwa vizazi. Mikono yake imekutanishwa kwa sala, wala haifuati umbo la picha ya Roma. Lakini jina lake latokana na hekaya ileile ya kanisa la Santa Maria Maggiore, ambalo yasemekana mahali pake paliainishwa na theluji iliyoanguka katika joto la Agosti.

Katika kisiwa cha Ikitsuki Wakristo wa siri walikuwa na desturi yenye maana zaidi kwa hoja yetu. Picha ilipochakaa, waliichora nyingine kwa kuifuata, na kazi hiyo waliiita kuifua, kama mtu afuavyo nguo. Aliyefua hakuwa mwanafunzi wa Nicolao, wala hakuwahi kuona picha ya Ulaya. Alikuwa mtu wa kijijini. Baada ya kufuliwa mara nyingi, Bikira akawa mama wa Kijapani aliyevaa kimono. Kwa jicho la Roma picha hizo zingeonekana zimeharibika. Lakini pasipo kufuliwa huko pasingebaki kitu cha kuharibika. Na mnamo tarehe 17 Machi 1865, wanakijiji wa Urakami walipomwendea Padri Bernard Petitjean katika kanisa jipya la Oura, baada ya miaka zaidi ya mia mbili ya kujificha, waliuliza iko wapi sanamu ya Santa Maria. Kwa hiyo ndiyo waliyatambua makanisa ya wazee wao.

Turudi sasa magharibi, kwa yule Monserrate tuliyemwacha kwa Akbar. Mwaka 1589 alitumwa pamoja na kijana Pedro Páez kwenda Uhabeshi, nchi ambayo leo twaiita Ethiopia. Walitekwa karibu na pwani ya Arabuni, wakakaa utumwani miaka mingi kabla ya kukombolewa. Monserrate hakufika alikotumwa. Páez alijaribu tena, akaingia Uhabeshi mwaka 1603, akajifunza lugha za nchi, akapata heshima katika baraza la mfalme.

Uhabeshi haukuwa nchi ya kufundishwa heshima ya Maria. Wakristo wake walikuwa na imani tangu karne ya nne, na mfalme Zara Yaqob, aliyetawala tangu 1434 hadi 1468, alikwisha kuamuru sikukuu nyingi za Bikira. Katika zama zake mtawa Fre Seyon alichora picha za Bikira ambazo moja yake yatunzwa katika monasteri ya Daga Estifanos, kisiwani katika Ziwa Tana. Kwa hiyo nakala za Roma, ambazo wanahistoria wa sanaa wakubali kwamba zililetwa na Wajesuiti, ziliangukia mikono iliyokuwa na ufundi wake tayari. Msomi Stanisław Chojnacki, aliyefanya kazi miaka mingi Addis Ababa, alizifuata alama zilezile tatu katika picha za Kihabeshi, akaonyesha jinsi umbo hilo lilivyopokewa na kugeuzwa.

Siasa haikuwa na bahati kama ya picha. Mfalme Susenyos alikiri hadharani ukatoliki mwaka 1622, na mwaka huohuo Páez akafariki. Patriarki Afonso Mendes, aliyefika mwaka 1625, hakuwa na uvumilivu wa mtangulizi wake. Alitaka makuhani wapewe daraja upya, watu wabatizwe upya, na kalenda na ibada zifuate Roma. Damu nyingi ikamwagika katika maasi. Mwaka 1632 Susenyos aliwarudishia watu wake imani ya baba zao, akamwachia kiti mwanawe Fasilides. Na baada ya muda mfupi Wajesuiti wakafukuzwa katika nchi nzima.

Mtu angetazamia kwamba picha yao ingefukuzwa pamoja nao. Haikuwa hivyo. Katika karne hiyohiyo ya kumi na saba, wakati Gondar ilipokuwa mji mkuu wa ufalme ulioikataa Roma, Bikira mwenye mikono iliyopishana akaenea katika picha za mbao na katika kuta za makanisa, hata akawa ndiye sura inayojulikana kuliko zote. Kitambaa chake anacho, na Mtoto ana kitabu chake. Lakini macho yamekuwa makubwa ya Kihabeshi. Pande mbili wamesimama malaika Mikaeli na Gabrieli na panga zao zimechomolewa. Na chini, aghalabu, amelala kifudifudi mtu mdogo ambaye jina lake limeandikwa, naye ndiye aliyelipia picha hiyo na kuitoa kanisani. Zawadi ya Roma imezaa zawadi nyingine, na mtoaji wa pili si mgeni tena. Mendes alitaka Wahabeshi waufuate mfano sawasawa, naye akashindwa. Picha haikuweza kumwamuru mtu, nayo ikapokewa.

Labda msomaji atasema: picha iliyogeuzwa hivyo si nakala tena, ni picha nyingine. Namjibu kwa jambo tulilo nalo nyumbani. Tenzi za pwani yetu zimetufikia kwa kunakiliwa kwa mkono katika hati za Kiarabu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wasomi, akazipamba kwa ufundi wake. Kila mnakili ameacha alama ya lahaja yake na ya kalamu yake, wala hatusemi kwa sababu hiyo kwamba utenzi umekufa. Twasema umepata mtu wa kuubeba. Kazi ya msomi ni kuzilinganisha nakala, si ili aikemee ile iliyopotoka, bali ili ajue kila mkono ulitaka kusema nini.

Desturi ya kutoa nakala ya picha ile haijakoma. Mwaka 2003 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwakabidhi vijana nakala moja iandamane na msalaba katika mikutano yao ya dunia. Asili yenyewe ilisafishwa na mafundi wa Makumbusho ya Vatikani, ikarudishwa mahali pake mwaka 2018. Na Papa Fransisko, aliyekuwa akiizuru kabla na baada ya safari zake, alizikwa katika kanisa hilo mwezi Aprili 2025, karibu na kikanisa chake. Ni haki asili itunzwe. Lakini anayetaka kuijua nguvu yake asiishie Roma. Aende pia Tana, Ikitsuki, na mbele ya ile karatasi ya Xi'an, akaitazame mikono iliyopishana, kisha aitazame nyuso. Mikono ndiyo waliyopewa. Nyuso ni zao wenyewe.